Visiki Vifupi vya Hilma Pirhonen

Jumanne, tarehe 22 Aprili, saa moja na dakika ishirini asubuhi, Hilma Pirhonen alisimama ng'ambo ya kinamasi akahesabu visiki. Saba. Akahesabu tena, maana macho ya miaka sabini na moja hayaaminiki. Saba vilevile.

Miti yenyewe ilikuwa visakoivu. Koivu wa kawaida, mti ule wa gome jeupe uliojaa kila kijiji cha Karelia Kaskazini, huishia kwenye viwanda vya karatasi kwa bei ya kutupa. Visakoivu ni ndugu yake kibyongo: mfupi, amejaa vinundu, lakini ukimpasua mbao yake ina madoa ya kahawia ambayo mafundi samani hugombania, na huuzwa kwa kilo, kama nyama. Baba yake Hilma aliipanda mwaka 1953, majirani wakamcheka kwamba analima vilema. Kabla ya kufa alimwambia binti yake: usiuze mpaka utake mwenyewe. Hilma alikuwa bado hajataka.

Saa nne alikuwa na watu wawili pale msituni. Mmoja ni Sajini Riikka Moilanen wa polisi. Wa pili ni Veijo Lampela, mshauri wa misitu, mtu aliyepima msitu wa Hilma, akauandikia mpango wake, na kila mwaka akambembeleza auze.

"Tazameni visiki," alisema Veijo. "Vifupi, vimekatwa mpaka kwenye nyasi. Mwaka huu theluji ilifika kiunoni. Angekata wakati wa baridi, juu ya theluji, tungeona visiki virefu. Hii ni kazi ya vuli, kabla theluji haijaanguka."

"Vuli nani alikuwa huku na mashine?" aliuliza sajini.

"Si yule Mwestonia wake, mkata miti? Raivo. Tarehe kumi na nne hadi kumi na sita Oktoba alikuwa akimpunguzia misonobari. Mimi mwenyewe nilimwonyesha mipaka. Pole, mama Hilma. Ndiyo matunda ya kuacha mali isimame tu porini."

"Raivo hajaiba," alisema Hilma.

"Huruma si ushahidi, mama," alisema sajini, bila ubaya. "Ijumaa nalipeleka jalada kwa mwendesha mashtaka."

"Nimepima magogo kiwandani miaka thelathini na minane, binti yangu. Ushahidi utaupata kabla ya Ijumaa."

Veijo alicheka. Hilma alikiweka kicheko kile akibani.

Jioni Raivo Kuusmaa alikuja kwake, kofia mkononi. Tangu mchana wateja wawili walikuwa wamemfutia kazi, na dukani hakuna aliyeitikia salamu yake. Hilma alimmiminia kahawa, akamkatia mkate wa iliki, kisha akambana bila kumwonea haya.

"Uliikata?"

"Mama!"

"Nimekuuliza. Nijibu."

"Sikuikata."

"Majira ya baridi ulikuwa wapi?"

"Nyumbani kwetu, Võru. Nilipanda meli tarehe mbili Desemba, nikarudi ishirini na nane Machi. Tiketi ninazo. Ila zitanifaa nini, kama wanasema ni Oktoba?" Akasukuma kikombe. "Afadhali niondoke. Mgeni hashindi kesi kijijini kwa watu."

"Ukiondoka umekiri. Kula mkate."

Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi, Hilma alirudi kinamasini peke yake na msumeno wa mkono. Visiki hakuvitazama, vilikwisha kutazamwa vya kutosha. Aliifuata njia ambayo magogo yalipitishwa kwenda barabarani. Magogo ya uzito ule hayaruki. Yakiburutwa juu ya ardhi, huchuna kuvumwani, ule utando wa kijani uliofunika ardhi, na kuvunja vichaka vya matunda. Hilma aliinama, akapapasa. Kuvumwani ilikuwa nzima, vichaka vizima, hata kitawi hakikuvunjika.

Ndipo alipoinua macho. Msonobari wa kwanza penye kona ulikuwa umekwaruzwa gome upande mmoja. Wa pili pia. Wa tatu pia. Mikwaruzo yote ilikuwa usawa wa kiuno chake.

Alikaa juu ya jiwe akacheka mwenyewe. Magogo yalipita hewani? Hapana, yalipita juu ya theluji. Miti ilikatwa katikati ya baridi, Raivo akiwa ng'ambo ya bahari. Basi visiki vifupi maana yake ni moja tu: mtu alichimba theluji yote ile, mti kwa mti, mpaka shinani. Mwizi wa kuni hawezi kujisumbua hivyo. Anayechimba ni yule anayejua kwamba madoa mazuri kuliko yote yako shinani, na kwamba kila kilo ina bei.

Hilma alikata kisahani kutoka juu ya kisiki kikubwa kuliko vyote, unene wa kidole, akakitia kwenye mkoba.

Saa nane alimfikia Urho Kettunen, fundi visu, ambaye kwa miaka ishirini alikuwa akimwomba japo tawi la visakoivu kwa mipini yake.

"Umekuja kunikamata?" aliuliza Urho.

"Inategemea. Unayo pikipiki ya theluji?"

"Ninayo. Na nyonga mpya ninayo pia, nilipasuliwa Januari. Nimetembelea magongo mpaka juzi. Nikifungwa kwenye gogo, Hilma, litaniburuta lenyewe." Akafungua mtoto wa meza akatoa karatasi. "Badala ya kunichunguza mimi, soma hii. Mnada wa mbao za thamani, Joensuu, kesho saa tano. Fungu la thelathini na moja."

Hilma alisoma. Visakoivu, magogo saba ya shinani, kilo elfu moja mia moja na arobaini. Jina la muuzaji halikuandikwa.

"Ni mengi hayo," alisema Urho polepole. "Wilaya hii nzima, mwenye visakoivu ya ukubwa huo ni wewe tu."

Alhamisi, saa nne na nusu, uwanja wa mnada ulinuka mbao mbichi. Sajini Moilanen alikuja akinung'unika, kwa sababu Hilma alimpigia simu mara tatu. Raivo alikuja na lori lake, kwa sababu Hilma alimwamuru. Kando ya fungu la thelathini na moja alisimama Veijo Lampela, akizungumza na mnunuzi wa kiwanda cha samani.

"Magogo mazuri," alisema Hilma. "Ya kwako?"

Veijo alibadilika rangi, kisha akajikaza. "Ya shamba langu la ziwani. Niliyakata Oktoba."

"Nilidhani Oktoba ni zamu ya Raivo."

Hakungoja jibu. Alitoa kisahani mkobani, akakiweka kwenye kitako cha gogo la kwanza. Hakikuoana. La pili, hapana. Kwenye la tatu alikizungusha kidogo, akakiacha. Pete za umri zilikutana na pete. Madoa ya kahawia yaliyokatikia kwenye kisahani yaliendelea ndani ya gogo, doa kwa doa. Mnunuzi aliinama, akapitisha ukucha penye ungio, akasonga hatua moja mbali na Veijo.

"Kisahani hiki kimetoka kwenye kisiki changu, sajini," alisema Hilma. "Twende ukapime mwenyewe. Na njiani nitakuonyesha mikwaruzo usawa wa kiuno. Mpango wa msitu wangu unaonyesha miti hii iliposimama. Aliyeuandika ni yeye."

"Ungekata vidole vinne tu kwenye kila kitako, Veijo," alisema Urho, aliyekuja kutazama mnada, kwa mbali, "kisahani kisingeoana, na pasingekuwa na kesi."

"Vidole vinne mara saba ni kilo ngapi, unajua?" Veijo alifoka, na hapo hapo akatambua alichosema. Kisha hasira ikamshinda. "Ndiyo! Miaka kumi na miwili nimekuomba uuze! Bei haijawahi kupanda hivi, na wewe umekalia mali kama kuku juu ya mayai viza. Mti uliosimama si kitu, Hilma! Ungekufa, ukaoza nao!"

"Ningeoza nao," alisema Hilma. "Ni wangu. Kukataa nako ni kwangu. Lakini mimi uliniibia miti tu. Huyu kijana ulimchimbia theluji mita nzima, mara saba, ili umzike."

Sajini alimshika Veijo mkono. Mnunuzi akakohoa. "Bibi, kama magogo ni yako, natoa yuro tano kwa kilo. Sasa hivi."

"Sijataka bado."

"Ni vielelezo, hayauzwi," alisema sajini. "Ila kituoni sina pa kuyaweka."

"Yafunge kwa mihuri yako, yakae uani kwangu. Raivo atayabeba."

Raivo aliyapakia yote saba, akayakaza kwa minyororo, huku vitako vyenye madoa vikitazama nyuma ya lori. Hilma alipanda kiti cha mbele.

"Pitia barabara ya dukani," alisema.

"Hiyo ndiyo ndefu, mama."

"Najua. Fungua dirisha, uvue hiyo kofia wakuone. Na uendeshe polepole."