Nilifungua Robine Yote, Mulongwe Ikakauka

Nina miaka arobaini na mmoja, mjane, na hadi mwaka jana nilikuwa mlinzi wa pompe, yaani pampu ya maji, pale Kalundu kando ya ziwa. Mnihukumu mkitaka... lakini nisomeni hadi mwisho.

Maji yetu yalifika mtaa wa Mulongwe yakiwa dhaifu, na akina mama walinilaumu mimi. Nikamsihi fundi wetu, Papa Bisimwa, abadilishe gurudumu la mabawa lililo ndani ya pompe, aweke pana zaidi. Alikubali kwa shingo upande, akalibadilisha. Alieleza kwamba bomba linalovuta kutoka ziwani ni jembamba. Pompe ikidai maji mengi kuliko yanayoingia, ndani huzaliwa mapovu, na yakipasuka yanakula chuma.

"Mama Furaha, robine ya kutolea maji usipitishe nusu," aliniambia. "Ukisikia pompe iko inatafuna changarawe, ujue iko inajikula."

Juma moja nilimtii. Kisha dada yangu Nabintu, aliyekaa Mulongwe, alikuja kunishukuru: maji yamemfikia, ingawa kidogo. Nilitaka kumfurahisha... Nikafungua koki yote.

Maji yaliruka! Wakaniita Mama Maji, nami nikalewa sifa.

Siku ya nne mlio wa changarawe ulianza. Nikaongeza sauti ya redio. Kiangazi kikashusha ziwa, bomba likazidi kuvuta kwa shida, sakafu ikatetemeka... bado sikupunguza. Ningewaambiaje watu maji yatapungua?

Asubuhi moja pompe ilizunguka bila kusukuma hata tone. Mbele ya komite ya maji nilisema Papa Bisimwa ndiye aliyeifunga vibaya. Alibeba sanduku lake la vyuma, akahamia kwa mwanawe Makobola. Nani angeitengeneza sasa?

Watu wa Mulongwe wakarudi kuchota mtoni. Kolera, kipindupindu, ikaingia. Nabintu alidumu siku mbili, akafia mikononi mwangu. Mtu ambaye nilimfungulia maji!

Baada ya mazishi nilikwenda Makobola, nikapiga magoti, nikakiri. Mzee alirudi nami, akafungua pompe mbele ya komite, akaniwekea gurudumu mkononi. Lilikuwa limetobokatoboka kama jino bovu.

"Minye nilikuambia nusu," alisema taratibu. "Weye ulisikia iko inatafuna."

Kazi nilinyang'anywa, na ni haki. Ndugu wasomaji, mashine ikilalamika, punguzeni, hata kama watu watawanung'unikia. Na mkikosea, semeni siku hiyohiyo. Mimi nilisema dada yangu akiwa tayari kaburini.