Sauti Iliyomsomea Mama

"Ile sura ya asubuhi imeniliza, mwanangu," mama alisema, vidole vyake vikikitafuta kikombe cha chai mezani. "Pale yule mjane anapowaaga wanawe. Hujawahi kunisomea vizuri namna ile."

Binti yake alimsogezea kikombe. Asubuhi hiyo hakuwepo nyumbani. Alitoka mapema, akashinda gazetini, na ndiyo kwanza alikuwa anavua viatu.

"Utakuwa umeota, mama."

"Mimi ni kipofu, si mlevi. Kulala na kuamka navijua."

Wakacheka wote wawili, yakaisha.

Binti huyu alikuwa mhakiki wa vitabu. Kila wiki gazeti lilimpa nusu ukurasa, na waandishi waliufungua ukurasa ule kama mtu anayefungua majibu ya hospitali. Mumewe, fundi wa friji, alimwita Mama Rafu. Nyumba ilikuwa imejaa vitabu mpaka juu ya kabati la vyombo, mpaka chini ya kitanda, na friji mbovu ambayo fundi aliiweka kibarazani ili aitoe vipuri ilikuwa imeshindiliwa riwaya toka juu hadi chini. Ukimtuma mkate, anarudi na vitabu vitatu, mkate kausahau.

Mama alihamia kwao macho yalipozimwa na presha. Naye alikuwa msomaji tangu usichana wake, na kilichomuuma si kutoziona sura za watu, ni kutoziona herufi. Jioni binti alimsomea, lakini alimsomea kwa jicho la kazi. Anasimama katikati ya sentensi, anapiga mstari kwa penseli, anaguna kwamba hapa mwandishi kavuta mno, anaruka kurasa.

"Wewe unasoma kama mtu anayechagua nyanya," mama alimtania. "Unabinya, unageuza, unarudisha. Hebu kula moja basi!"

Utani ule ulimchoma, maana ulikuwa kweli. Zamani kitabu kilimpenya kama mvua kwenye udongo. Siku hizi kilimpita kama maji juu ya bati. Hata kinachomfurahisha, kabla furaha haijashuka moyoni, tayari anaitafutia sentensi ya kuandika gazetini.

Pengine ndiyo sababu hakuacha kununua. Gunia la mwisho alilinunua kwa muuza vitabu vya mitumba aliyetandaza kwenye ngazi za posta ya zamani. Vilikuwa vya mzee mmoja aliyefariki, muuzaji alisema, na ndugu zake hawakutaka hata kimoja kibaki ndani. Vitabu vizuri ajabu, majalada ya kitambaa, kurasa nzito. Alivipanga chumbani kwa mama kwa kuwa kwingine pamejaa. Vilikuwa na harufu ya nguo iliyokunjwa mbichi, na nyuma ya harufu hiyo kulikuwa na moshi wa mshumaa uliozimwa sasa hivi. Akafungua dirisha. Harufu haikutoka.

Mama akaendelea kusimulia hadithi ambazo hakusomewa na mtu. Binti alipochukua kitabu rafuni kuhakikisha, alikuta maneno ni yaleyale, katika kurasa ambazo yeye mwenyewe hajazifungua. Akajiambia ni redio. Redio ya mama haikuwa na betri.

Mchana mmoja fundi alirudi nyumbani kuchukua bisibisi aliyoisahau. Alipopita ukumbini alimsikia mkewe chumbani kwa mama, anasoma kwa sauti tulivu, tamu, isiyo na haraka.

"Mama Rafu, leo umetoroka kazini?" aliuliza mlangoni.

Kusoma kukakatika. "Bado kidogo," sauti ya mkewe ikajibu, kisha ikaendelea.

Simu yake ikaita mfukoni. Ilikuwa namba ya mkewe. Akapokea huku anacheka, akidhani anafanyiwa mzaha.

"Baba, nimefika kituoni," mkewe alisema, na nyuma yake kulisikika honi na kelele za barabarani. "Ninunue nini njiani?"

Sikio la kulia la fundi lilikuwa linamsikia mkewe akiuliza "haloo, haloo" katikati ya honi za magari, na sikio la kushoto lilikuwa linamsikia mkewe yuleyule nyuma ya mlango akisoma habari za nyumba iliyofungwa kutoka nje, na kadiri alivyosikiliza ndivyo alivyotambua kwamba ile sauti ya chumbani haivuti pumzi mahali popote, haimezi mate, inatiririka tu kama bomba lililoachwa wazi, na mkono wake ukajikuta umeshika kitasa nao haujatumwa. Akafungua. Mama alikuwa ameketi kitandani, uso umeinuka, machozi ya raha yanamtiririka. Mbele yake palikuwa na kiti kisicho na mtu. Juu ya kiti kitabu kilikuwa wazi, na ukurasa mmoja ulikuwa umesimama wima, unageuka polepole.

"Funga mlango, baba," mama alinong'ona. "Unamkatisha."

Jua lilikuwa halijazama walipovirudisha vitabu vyote vya lile gunia kwenye ngazi za posta. Muuzaji alikataa hata kuligusa gunia.

"Nyinyi pia?" alisema, akishusha sauti wateja wasimsikie. "Yule mzee alikutwa kwenye kiti, amekauka kama ufito, na jikoni chakula tele. Majirani wanasema kutwa walimsikia binti yake akimsomea. Dada, binti yake huyo alikuwa amekwisha kufa kabla yake."

Waliviacha hapohapo wakaondoka. Walipofika nyumbani, rafu ya chumbani kwa mama ni tupu na sauti inasoma. Haikuhitaji vitabu tena.

Mhakiki akaomba ruhusa kazini, akahamia chumbani kwa mama. Mama alikuwa amekwishaanza kuacha kula. Ukimpelekea kijiko mdomoni anageuza uso.

"Nikitafuna sisikii," alisema.

"Mama, utakufa."

"Subiri tufike mwisho wa sura."

Sura haikuwa na mwisho. Binti akaona dawa ya moto ni moto: akachukua kitabu chake mwenyewe, akaketi, akaanza kusoma kwa sauti ya juu. Ile sauti ikanyamaza. Moyo wake ukatulia kidogo, akasoma ukurasa mzima bila kuruka, bila penseli, na katikati ya ukurasa wa pili akaisikia tena, chini ya sauti yake, ikisema maneno yaleyale anayoyasema kama mtu anayefuatisha wimbo, kisha ikawa sambamba naye, kisha, akiwa bado anaukodolea mstari ambao kinywa chake hakijaufikia, akaisikia imemtangulia neno moja, halafu sentensi, na kila alipokimbiza ulimi wake kuifikia alijikwaa, akameza vibaya, akakohoa, na yenyewe ikasonga mbele kwa upole uleule, ikiweka kituo panapotaka kituo na huzuni panapotaka huzuni, mpaka ikawa yeye ndiye mwangwi.

"Nyinyi wawili mnanichanganya," mama akasema kwa uchovu. "Mmoja anyamaze."

"Yupi, mama?" aliuliza, karibu hasikiki.

"Huyo anayekohoa."

Fundi akamleta mganga, mwanamke wa makamo mwenye miwani na maneno machache. Alikuja mchana kweupe kwa sababu, alisema, pepo wa aina hii haogopi jua. Akafukiza, akanyunyiza maji pembe zote, akasoma kisomo mpaka jasho likamlowesha mgongo. Sauti haikumpinga wala kumtukana. Ilisoma tu. Mwishowe mganga akazima moshi, akachuchumaa mbele ya mgonjwa.

"Bibi, sema neno moja tu. Sema humtaki. Mimi nitamaliza."

Mikono ya mama ilikuwa imebaki mifupa na ngozi.

"Mlinipa chakula, mkaniogesha, sina lawama," alisema. "Lakini katika giza hili, nani mwingine aliyenisomea kitabu nikajiona nimo ndani yake? Hapana, mganga. Mwacheni."

"Mama, ni mimi binti yako nakuomba," mhakiki alilia, akimshika miguu. "Nitakusomea. Nitasoma vizuri, nakuapia, sitaruka hata nukta."

Mama akampapasa kichwa kama anavyopapaswa mtoto wa jirani. "Usilie. Binti yangu yupo, ananisomea."

Nje kibarazani mganga alifunga mkoba wake bila kuwatazama.

"Aliyevunja mlango namtoa," alisema. "Huyu amekaribishwa, na mwenyeji kamshika mkono. Nikimvuta yeye, navuta wote wawili."

"Basi hakuna njia?" fundi aliuliza.

"Akishakufa mama yenu, hameni. Msikae hata kuaga nyumba."

Mama alifariki asubuhi moja yenye jua zuri, akitabasamu, katikati ya sentensi. Sauti ikakatika hapohapo. Nyumba ikawa kimya, na kimya kile, Mungu amsamehe, kilimwingia mhakiki kama maji baridi kwa mwenye kiu. Wakamzika. Fundi akapata vyumba viwili upande wa pili wa mji, akaazima gari la kubebea mizigo. Vitabu vyote wakaamua kuviacha. Mhakiki hakuvitazama mara mbili.

Alibaki chumbani kwa mama kukunja mashuka huku mumewe akifunga kamba nje. Alikuwa amebakiza foronya.

"Mwanangu, umechoka?"

Ilikuwa sauti ya mama. Si ya siku za mwisho, bali ya zamani, ya mama anayeona, aliyekuwa akimpokea begi la shule mlangoni. Harufu ya mshumaa ikajaa chumba.

"Kaa upumzike," sauti ikasema. "Leo soma wewe, mimi nisikilize. Hata ukikosea. Nina muda."

Alijua si mama. Alijua kama mtu anavyojua kwamba moto ni moto. Miguu ilitaka mlango, na kifuani kulikuwa na jambo moja tu, nafasi ya kumsomea mama, ambalo alikuwa anaomba kulipata tena na hakuna binadamu wa kumpa. Akaketi ukingoni mwa kitanda. Akanyoosha mkono chini ya kitanda, akavuta kitabu cha kwanza kilichogusa vidole vyake.

Fundi alipiga honi. Akapiga tena. Aliposhuka akaingia ndani, alimkuta ukingoni mwa kitanda kile mwanamke asiyegeuka akiitwa, anasoma kwa sauti ambayo hajapata kuisikia kinywani mwake, sauti iliyofunguka kabisa. Alimwita kwa jina lake, kisha kwa utani wao, kisha akamvuta bega. Lilikuwa zito kama jiwe la kusagia. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukutani.

Na hapo, mahali penye kichekesho katika hadithi ile, aliwasikia wanawake wawili wakicheka pamoja.