Mstari Shingoni mwa Kipenzi cha Mfalme

“Shauri la Mstari Mmoja wa Ziada katika Picha Iliyokwisha Kuidhinishwa.” Ndilo jina ambalo ofisi ya ukaguzi wa picha, hapa mjini Edo, Japani, ililipa jambo hili.

Mjomba wangu Genshichi alikuwa mchongaji wa mbao za kuchapia. Asubuhi moja tulivu alimaliza kuchonga picha ya mfalme wa China na kipenzi chake, vichwa vimegusana, wakipuliza filimbi moja. Kila mnunuzi anajua jinsi askari walivyomlazimisha mfalme amtoe bibi yule anyongwe kwa kamba ya hariri. Ndiyo maana kamba haichorwi. Uso wa bibi huyo, mchoraji aliyetuchorea picha aliuiba kwa O-Ritsu, binti wa mjomba, aliyekuwa akingoja kuolewa.

Mkaguzi akagonga muhuri. Nakala za kwanza zikatoka safi. Kisha Kyubei, mchapaji wetu, akaleta moja yenye mstari mwembamba shingoni.

“Fundi, umemvisha mkufu bila kibali cha serikali?”

Mjomba alimwambia akalale, pombe haijamtoka. Kwenye ubao, mstari ni mti ulioachwa umesimama, pembeni pakichongwa. Ukishaukata, hauoti tena. Akautazama ubao. Mstari ulikuwa umeota. Akaukwangua mstari.

Kesho yake ulikuwa umerudi, mnene zaidi. Sauti ya O-Ritsu ikapotea. Akawa analala ameketi. Akamvuta baba yake mkono, akanong’ona:

“Baba, ukikwangua, napumua.”

Basi mjomba akakwangua. Hakula. Hakuoga. Mstari ulipanda, patasi ikashuka, na mahali pale ubao ukaanza kupitisha mwanga.

Habari zikamfikia mkaguzi. Yeye hakuogopa mizimu, aliogopa picha isiyo na kibali. Akaamua kwamba kukwangua ubao uliopitishwa nako ni kuubadilisha. Uletwe ofisini, asiuguse mtu. Mjomba akapiga magoti, akasema binti yake atakufa. Akajibiwa kwa upole kwamba maombi ya uhai yana ofisi yake.

Mchana ubao ukapakwa wino mbele ya mashahidi. Karatasi ikalazwa. Ikasuguliwa. Ikabanduliwa.

Shingo ilikuwa nyeupe kabisa.

Shauri likafungwa, na mjomba akaonywa kwa kuipotezea serikali muda.

O-Ritsu alikufa saa ileile, peke yake chumbani, amenyongwa. Tulipomfikia, mstari wa wino shingoni mwake ulikuwa bado mbichi.