Mashine Iliyojua Mikono ya Bi Nyamizi

"Umenenepa," mashine ilimwambia mteja kwa sauti ya kukwaruza. "Kitambaa hiki hakikutoshi. Ongeza mita moja au punguza wali."

Mteja alicheka mpaka akashika ukuta, maana alijua anayesema si mashine. Aliyesema ni Bi Nyamizi, fundi cherehani wa Ng'ambo, Tabora, aliyekuwa ameketi nyuma ya cherehani yake akichezesha mikono hewani. Mezani palikuwa na kompyuta mpakato kuukuu, na jicho dogo la kamera yake lilifuata kila kidole. Ndani yake mlikuwa na kisemezi, yaani akili ya kutengenezwa inayosoma ishara za mikono na kuzigeuza kuwa sauti.

Miaka hiyo Tabora lilishakuwa jiji la kujidai. Treni za sumaku ziliteleza juu ya mapaa, roboti zilifagia soko kabla jua halijachomoza, na kisemezi hakikumshangaza mtu. Ila hiki cha Bi Nyamizi kilikuwa cha peke yake. Mama huyu alipoteza usikivu utotoni kwa homa ya uti wa mgongo, wala hakupelekwa shule ya viziwi; maneno ya watu aliyasoma midomoni. Ishara zake alizibuni jikoni na marehemu mama yake, na hazimo katika kamusi yoyote. Kisemezi kilizijua kwa sababu moja tu: kisipoelewa, kiliuliza. "Sijaelewa, mama, rudia." Kiliuliza hivyo kutwa, mwaka nenda mwaka rudi, mpaka kikamjua. Wanawe wawili, Idrisa na Siwema, walikua wakiisikiliza mashine, na mikono ya mama yao hawakuitazama sana.

Sasa mashine ilikuwa imechoka. Bawaba zake zilifungwa kwa mpira wa suruali, feni ilinguruma, na joto likizidi ilizimika katikati ya neno. Idrisa alikuwa mhandisi wa treni zile za sumaku, mtu anayelipwa kuhakikisha hakuna kinachochelewa, na kijimashine hiki kilimpandisha mori. Tena Jumamosi wageni walikuwa wanakuja kumposa Siwema. Aliwaza aibu atakayoipata mashine ikikwama mbele ya wakwe, akakosa raha.

Jumatatu mama alimwita Idrisa kando. Alikuwa na neno kuhusu mchumba, kijana aitwaye Latifu.

"Yule kijana nilimwona sokoni," mashine ilianza, "na mwanamke mmoja, naye aka... Sijaelewa, mama, rudia."

Mama akarudia, safari hii kwa mikono iliyokaza.

"Aka... Sijaelewa, mama, rudia."

Feni ikapiga yowe, kioo kikawa cheusi. Idrisa aliifunga kwa kishindo, akaitia mkobani na kwenda zake kwa fundi Mahona. Neno la mama likabaki hapo hapo lilipokatikia.

Mahona aliifungua, akaipuliza vumbi, akasema kweli yake. Anaweza kuitia betri mpya, kumbukumbu kubwa zaidi na feni nyingine, nayo ikajikongoja miaka kadhaa. Lakini vipuri vinatoka Mwanza na havitafika kabla ya Jumamosi. Idrisa akauliza kama ishara za mama zinaweza kuhamishiwa kwenye mashine mpya. Mahona alijikuna kichwa. Zimehifadhiwa kwa mtindo wa zamani ambao mashine za leo hazisomi. Angejaribu, asingeahidi, na ingekula wiki nyingi. "Ningekuwa mimi, ndugu yangu, ningenunua mpya," alimaliza.

Nyumbani mashine ilipopoa ikaamka, na mama akaielewa safari ya mwanawe bila kuambiwa. Aliiwekea kiganja juu, kisha akasema na mikono yake.

"Nitengenezeeni hiihii. Inanichosha, lakini inanijua."

Idrisa akaona huo ni ubahili tu wa watu wazima. Kesho yake mama alikwenda kuhani msiba mtaa wa pili, naye hakungoja arudi. Aliibeba mashine mpaka kwenye duka kubwa la kituoni, wanakopokea za zamani na kuziyeyusha wapate madini, na huku wanakupa mpya. Hiyo mpya ilikuwa nyembamba kama sahani. Muuzaji alimweleza kwamba inajua ishara rasmi za bara zima na kamwe haimkwamishi mtu.

"Na isipoelewa?" Idrisa aliuliza.

"Haikai kimya, kaka," muuzaji alisema kwa fahari. "Inapima mtu ni nani na yuko wapi, halafu inajaza kile ambacho mtu kama yeye angesema."

Idrisa aliona hiyo ndiyo akili hasa. Ole wake.

Mama aliporudi aliitafuta mashine yake kila chumba, mpaka uvunguni mwa kitanda. Kisha akasimama mbele ya ile mpya, akasema kwa mikono muda mrefu, machozi yakimlengalenga. Mashine ikatoa sauti laini kama ya mtangazaji: "Nashukuru sana, mwanangu. Mungu akuzidishie." Idrisa alifurahi, akadhani machozi yale ni ya furaha. Siku zilizofuata nyumba ilijaa maneno matamu. Wateja waliambiwa wamependeza. Siwema alimtaja Latifu, mama akatikisa mikono kwa nguvu, na mashine ikasema, "Namwombea mwanangu ndoa yenye heri." Siwema akamkumbatia. Kufikia Ijumaa mama alikuwa hatumii mikono ila kwa kushona, na watoto wakasema mama siku hizi ametulia.

Jumamosi mchana wageni walifika wamependeza. Mshenga alizungumza kwa madaha, akaliweka mbele ya Bi Nyamizi sinia lililofunikwa kitambaa cheupe, lenye barua ya posa, akaomba jibu la mama. Bi Nyamizi alivuta pumzi. Mikono yake ilisema kitu kifupi, akakirudia, akakirudia tena.

"Tumewapokea kwa mikono miwili," mashine ilisema. "Mtoto ni wenu."

Vigelegele vikapasuka. Bi Nyamizi hakuvisikia, ila aliviona kwenye midomo ya watu, na uso wake ukabadilika. Aliinuka, akalibeba sinia na kumrudishia mshenga mapajani. Halafu akaufungua mlango na kusimama kando yake.

"Mama anawaomba mjisikie nyumbani," mashine ilisema.

Hakuna aliyejisikia nyumbani. Wageni waliondoka bila kuaga, na Latifu alikuwa wa mwisho kutoka. Hapo Idrisa akamweleza Siwema lile neno la Jumatatu lililokatikia njiani. Siwema alimpigia mama yake magoti, akamuuliza kwa kilio alimwona Latifu akimfanya nini yule mwanamke sokoni. Mikono ya mama ikaeleza, polepole, kama mtu anayemwonyesha mtoto kufunga kamba za viatu. Mashine ikasema ameona kijana mwenye heshima zake. Siwema akaziba masikio.

Idrisa alikimbia mpaka dukani. Walimjibu kwa upole kwamba mzigo wa wiki hiyo umeshayeyushwa. Alirudi kwa miguu, na njia nzima alijaribu kukumbuka ishara za mama yake. Zilimjia nne tu: chai, kula, lala, njoo. Katika dunia nzima, ukimtoa mama mwenyewe, alikuwepo mmoja tu aliyezijua zote, na Idrisa ndiye aliyempeleka kwa mikono yake mwenyewe akayeyushwe.

Alimkuta mama ameketi penye cherehani, mashine mpya mezani, jicho lake limewaka. Idrisa akakaa chini mbele yake. Alifanya ishara ya njoo, kwa kuwa hakuwa na nyingine, kisha akaiacha mikono yake wazi ikimngoja. Alitaka kumwambia amekosa, na kwamba amfundishe kuanzia mwanzo.

"Mama anasema amekusamehe," mashine ilisema kwa sauti yake laini.

Idrisa akamtazama mama. Mikono yake ilikuwa imetulia mapajani. Alikuwa bado hajasema kitu.