Anayeanzisha Wimbo

Nsimire, jirani yetu wa Keshero, si mtu wa kutishwa na maji. Tangu Akonkwa, mdogo wa mumewe, azame ziwani na kisipatikane hata kiatu chake, familia nzima ilikuwa imeacha kula samaki wa Kivu. Mwaka wa pili ulipoisha, Nsimire akachoka. Mumewe Mirindi alipopata konji, yaani likizo, kazini, Nsimire alimwambia watakodi piroge za wavuvi, wavue samaki wao wenyewe na kuwala. Ziwa si baba mkwe wake hata alikwepe.

Asubuhi ilikuwa njema. Walipanda mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti, pamoja na wavuvi wa muzee Habarurema. Wavuvi wa huku hupiga makasia kwa wimbo: mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia. Mirindi, ambaye huimba besi katika kwaya ya parokia, akaitikia pamoja nao. Nsimire alifurahi sana, maana tangu msiba alikuwa hajamsikia akiimba nje ya kanisa.

Samaki sasa. Walitupa ndoana mpaka jua likapita utosini, wasipate hata sambaza mmoja, yule dagaa wa Kivu. Bugali walioufunga wakaula mkavu. Habarurema akashauri warudi, kwa kuwa ziwa likikunyima hulibembelezi. Nsimire akakataa katakata. Hakuja kuhesabu mawimbi, alisema.

Ndipo ukungu ukashuka, mchana kweupe. Wavuvi wakanyamaza na kuinua makasia. Nsimire akauliza kuna nini, na Habarurema akamnong'oneza:

"Mu ukungu hatuimbake, mama. Kunaweza kuwa mwengine mwenye kuanzisha. Musimuitikie."

Kisha sauti, mbele yao. Tamu, ya kijana. Nsimire aliitambua kabla ya neno la pili. Ni Akonkwa, akianzisha wimbo wa sadaka aliouanzisha kila Jumapili. Na mtu aliyekulia kwenye kwaya hangoji kufikiri. Mwanzilishi akianza, kinywa kinafunguka chenyewe.

Mirindi akaitikia.

Sauti ikasogea. Akaitikia tena. Akasimama. Mguu mmoja ukavuka ukingo, ukazama hadi gotini. Hakutazama chini. Alikuwa anatabasamu. Nsimire akamkamata mkanda kwa mikono miwili, akavuta. Alikuwa mzito. Mzito kuliko mtu mmoja.

Nsimire aliogopa, tena sana, lakini hasira ilikuwa imetangulia. Yeye ndiye aliyemleta mumewe hapa, na yeye ndiye atakayemrudisha.

"Akonkwa," alisema polepole, "nilikupikia, nikakufulia, nikakulilia. Huyu hapana. Sitakupatia."

Akaanzisha wimbo wake, sauti ikikwaruza. Wavuvi wakasita. Habarurema akaitikia, kisha wote, na makasia yakashuka. Ile sauti ikapanda. Nsimire akaipandia juu. Mirindi akafumba kinywa. Alipokifungua tena, alimwitikia mkewe, na uzito ukaachia ghafla hata wakaanguka chali.

Hawakurudi na samaki. Walirudi na suruali ya Mirindi, na mguu wake ule uliozama haujakauka hadi leo. Nsimire huianika juu ya mawe meusi ya ua wao. Jua linawaka, shati la pembeni linakauka, mguu ule unadondosha maji. Padri ameinyunyizia maji ya baraka. Nabintu, mama mkwe wake, alitaka ichomwe. Nsimire amekataa: ni suruali ya mumewe, na itakauka, ipende isipende.

Sisi majirani tukipita tunasikia matone yakiangukia beseni kwa mapigo ya wimbo wa sadaka. Hapo Nsimire huacha kufua, akaanzisha wake kwa nguvu, akangoja mumewe aitikie kutoka ndani ya nyumba. Mirindi hajawahi kukosa kuitikia. Ila siku hizi anachelewa. Nsimire anasubiri kidogo, anajifuta mikono, anaanzisha tena.