Mlango wa Mbao Mbichi

Kila Jumatatu asubuhi Hafidha ndiye aliyegawa vifaa katika karakana ya shule. Siku hiyo alikuwa ameshatoa misumeno na anaanza kugawa randa, mwanamke mmoja mzee alipoingia bila kubisha hodi. Hakuna mwanafunzi aliyemjua. Alivaa kitenge kilichofifia, na miguu yake ilikuwa myekundu kwa vumbi la njiani. Alipita katikati ya meza mpaka mbele ya Mwalimu Boniphace, mwalimu wa useremala, akafungua fundo la upande wa kitenge chake na kuweka juu ya meza kitu kizito cha chuma.

Kilikuwa kufuli. Lilikuwa bado limefungwa, limeshika komeo lake, na skrubu za komeo zilikuwa zimening'inia zote, hata moja haijapinda.

"Kufuli la mlango wenu hilo," alisema. "Halijavunjwa. Lenyewe ni zima. Mbuzi ndio hawapo."

Mwalimu Boniphace akamwamkia, akamvutia kiti, akaagiza aletewe maji. Mwanamke akayanywa yote kwanza, ndipo akaeleza. Aliitwa Ursula, alitoka Butiama. Mpwa wake ndiye aliyemwagizia mlango wa banda la mbuzi katika shule hii ya Manyamanyama, kwa kuwa alisikia kwamba siku hizi wanafunzi wa sekondari wanafundishwa ufundi pamoja na masomo mengine, na kazi yao ni nzuri. Mlango uliletwa wakati wa masika, umepakwa rangi, unapendeza. Kiangazi kilipoingia ukaanza kujikunja. Juzi wezi walikuja. Hawakuhitaji nyundo wala mtaimbo. Walivuta komeo kwa mikono, na skrubu zikang'oka kama karanga katika udongo wa mvua. Mbuzi mmoja tu ndiye aliyebaki, kwa kuwa alikuwa amezaa na alilazwa jikoni pamoja na mtoto wake.

"Wale walikuwaga mbuzi wa mjukuu wangu Hezron," alisema Bibi Ursula. "Amemaliza kidato cha nne. Tulikuwa tuwauze Januari aende chuo, akasomee umeme wa magari. Sasa anagonga kokoto."

Mwalimu Boniphace aliokota skrubu moja, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, kisha akauliza nani alifunga komeo la mlango wa Butiama. Said akanyoosha mkono. Alikuwa kijana mcheshi ambaye hakupitisha saa moja bila kuchekesha watu. Mwalimu akamwambia atoke nje, asishike kifaa chochote mpaka atakapoeleza alichofanya.

Hafidha alibaki amesimama na randa mkononi. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa kundi lililotengeneza mlango ule, na alijua kwamba Said hakukosea.

Kosa lilikuwa kwenye mbao. Chini ya upenu wa karakana kulikuwa na mbao zilizopangwa tangu mwaka jana, kila ubao umetenganishwa na mwenzake kwa vijiti ili upepo upite. Hizo zilikuwa kavu, na Mwalimu Boniphace alikuwa amesema wazi kwamba ni za kazi za wateja. Kando yake zilirundikwa mbao mpya kutoka kiwandani, bado nzito, bado zinanuka utomvu. Hafidha alizichukua zile kavu akatengenezea kabati lake la maonesho. Mlango wa Butiama akautengeneza kwa mbao mbichi. Alijiambia kwamba Butiama ni mbali, na kwamba banda la mbuzi si sebule. Mlango ulipopigwa randa na kupakwa rangi, hakuna aliyeweza kuona tofauti.

Alilihitaji sana kabati lile. Baba yake, Mzee Rashidi, aliuza vitambaa mjini Bunda, na hakupenda binti yake asome ufundi. Alikuwa amemwambia kwamba hakumpeleka sekondari akanuke vumbi la mbao. Baada ya kubembelezwa sana na mama yake Hafidha, alikubali jambo moja: angekwenda Musoma siku ya maonesho ya shule za amali, aione kazi ya Hafidha kwa macho yake. Ikimridhisha, abaki. La sivyo, Januari angehamia kwa shangazi yake Buhare na kusoma shule isiyo na karakana. Maonesho yalikuwa Jumamosi ya wiki hiyohiyo.

Saa nne wanafunzi walipokwenda mapumziko, Hafidha alimkuta Said ameketi kando ya ukuta, anakwaruza ardhi kwa kijiti.

"Nilikaza skrubu zile mpaka kiganja kikatoa lengelenge," Said alisema bila kumtazama. "Ubao ulikuwa laini kama muhogo wa kuchemsha. Nikakuambia."

"Uliniambia."

"Ukasemaje?"

"Nilisema kaza tu."

"Haya, nimekaza tu, dada kiongozi." Said akatupa kijiti. "Mimi sitakusema. Utajisema au hutajisema, ni shauri lako."

Hafidha alizunguka nyuma ya madarasa, akasimama hapo mpaka kengele ikalia. Alimfikiria Said, ambaye huenda angekaa nje ya karakana muhula mzima. Alimfikiria pia huyo Hezron asiyemjua. Kisha akaenda ofisini, ambako Bibi Ursula alikuwa akinywa uji aliopewa huku akingoja usafiri.

"Shikamoo, bibi," alisema. "Si Said. Ni mimi. Nilitumia mbao mbichi nikijua."

Mwalimu Boniphace aliinua uso. Bibi Ursula aliweka kikombe chini.

"Kwa nini?"

"Zile kavu nilizitaka kwa ajili ya kabati langu."

"Kabati la kuwekea nini?"

"Halina kitu, bibi. Ni la kuonesha watu."

Hafidha angependa atukanwe, lakini hakutukanwa. Kwa hofu na aibu akasema kwamba Jumamosi hiyo angemletea mlango mwingine, wa mbao kavu kweli.

"Hata ule wa kwanza tuliahidiwa," alijibu Bibi Ursula, akainuka na kuondoka. Kufuli aliliacha mezani, pamoja na komeo na ufunguo wake.

Mwalimu Boniphace alimrudisha Said karakana siku hiyohiyo na kumwomba radhi mbele ya wenzake. Hafidha alipewa adhabu ya kufanya usafi wa karakana peke yake hadi mwisho wa muhula, naye hakulalamika. Jambo lililomsumbua lilikuwa jingine. Akisaidiwa na Said alizunguka kwa wauza mbao wa Bunda, na kila walipoinua ubao waliuona mzito na wenye unyevu. Mbao hazikauki kwa wiki moja. Upenuni pa karakana palikuwa patupu. Mbao kavu pekee zilizobaki zilikuwa zimesimama kwenye kona, zimepakwa vanishi, zina milango miwili midogo inayofungwa bila kelele.

Alimwuliza mwalimu afanye nini.

"Siwezi kukuamuru," alisema Mwalimu Boniphace. "Mlango huo shule itaulipa, lakini si kwa Jumamosi. Jumamosi umeitaja wewe."

Jioni ya Alhamisi Hafidha alilifumua kabati. Gundi ilikuwa imeshika vizuri, na kila kiungo kilipoachia kilitoa mlio uliomwuma kifuani. Said alishika upande wa pili. Alisema kwamba mbuzi wa Butiama watakuwa wa kwanza mkoa wa Mara kulala ndani ya kabati, lakini hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe.

Siku iliyofuata alikwenda dukani kwa baba yake na kumweleza yote, bila kuficha sehemu ya mbao. Mzee Rashidi alikuwa akikunja vitenge. Aliendelea kukunja mpaka binti yake alipomaliza.

"Tulipatana nini?" aliuliza.

"Uione kazi yangu Musoma."

"Na itakuwepo?"

"Haitakuwepo, baba."

"Basi Januari unakwenda Buhare." Hakupaza sauti. "Mteja wangu nikimpimia kitambaa kifupi, harudi. Nilidhani hilo ulilijua ukiwa mdogo, humu humu dukani."

Jumamosi Hafidha, Said na mwalimu walipanda gari la shule na mlango ulioundwa kwa mbao za kabati, pamoja na wanafunzi waliobeba kazi zao za maonesho. Palikuwa na viti, fremu za picha na magauni yaliyofunikwa kwa nailoni. Walipofika Makutano, kwenye njia panda ya Butiama, Hafidha, Said na Mwalimu Boniphace waliteremka na mlango wao. Gari likaendelea kwenda Musoma. Hafidha alilitazama mpaka likapotea, kisha wakasaidiana kupakia mlango kwenye guta la magurudumu matatu la kwenda Butiama.

Hezron aliwapokea bandani. Alikuwa kijana mrefu, mikono yake imechubuka kwa kokoto. Hakuitikia salamu ya Hafidha. Alikagua mlango juu mpaka chini, akaona matundu ya vishikio yaliyozibwa, na vanishi iliyobaki pembeni.

"Mlango mzuri," alisema. "Mlango wa mbuzi wengi, na mbuzi ni mmoja. Sasa tufungie nini?"

Alipima fremu, akafunga bawaba, akaukata mlango kidogo chini ili usikwaruze. Hezron aliushika bila kuombwa, kwa sababu ulikuwa mzito na yeye alikuwa karibu. Komeo lile lile la zamani likafungwa, kwa skrubu ndefu zaidi. Hafidha alizikaza mwenyewe. Safari hii bisibisi ilipiga kelele, na mkono ulimwuma mpaka begani.

Alipomaliza, Hezron akamsogeza pembeni. Akashika komeo kwa mikono miwili, akavuta. Akaweka mguu kwenye fremu, akavuta tena kwa nguvu zake zote, mishipa ya shingo ikasimama, kana kwamba alitaka sana ling'oke. Halikung'oka. Akaliachia, akageuka, akaenda nyuma ya nyumba. Walisikia nyundo yake ikianza kugonga mawe.

Bibi Ursula alikuwa ametazama yote akiwa mlangoni mwa jiko.

"Sijakusamehe," alimwambia Hafidha. "Nisije nikakudanganya. Labda huyu mbuzi akizaa tena, na watoto wake wakizaa. Lakini ulisema Jumamosi, na leo ni Jumamosi."

Said alikuwa akikusanya vifaa. Mwalimu Boniphace aliwaita wanafunzi wake wawili karibu, akasema kwa sauti ya chini ili mwenye nyumba asidhani anahubiriwa.

"Hafidha, ulipodanganya, aliyelipa ni yule anayegonga mawe. Uliposema kweli, umelipa mwenyewe. Najua Buhare si mahali ulipopataka, na sitasema haiumi. Lakini mkumbuke nyote wawili, popote mtakapokuwa: fundi hutengenezea watu asiowaona. Usiku wao unategemea asubuhi yake."

Hafidha aliitikia kwa kichwa. Musoma, wakati huo, watu walikuwa wakipita mbele ya meza iliyoandikwa jina lake, na juu yake hapakuwa na kitu.

Bibi Ursula alimtoa mbuzi jikoni, mtoto akimfuata kwa kurukaruka, akawaingiza bandani. Hafidha akatoa mfukoni kufuli lile ambalo bibi aliliacha mezani Jumatatu. Alikuwa amelipaka mafuta. Akafunga mlango, akalibana kufuli likalia, akachomoa ufunguo na kumpa Bibi Ursula kwa mikono miwili.