Ndege wa Saa Saba Mchana

Ndege wa Joram hawakuwa wakinya. Mnisamehe kwa kuanza na uchafu, lakini mambo ya uani anayajua anayeufagia, na Mwikali alikuwa ameufagia siku sita mfululizo bila kuona hata tone moja jeupe mchangani. Na si kwamba ndege walikuwa haba. Walikuja kwa makumi: keremkerem wekundu wenye vichwa vya kijani, chozi wanaometameta, na wengine ambao Joram mwenyewe, aliyejidai kuwajua wote, hakuwa na majina yao. Walijipanga kwenye kamba ya nguo na ukingoni mwa sinia, wakatulia saa nzima, kisha wakaenda zao. Bisi zilibaki vile vile. Asali ilibaki vile vile.

"Hawa wanakula saa ngapi?" alimuuliza mumewe.

"Wacha wivu. Unaona nawatazama kuliko wewe," Joram alimtania, huku akifuta lenzi kwa pindo la shati.

"Si uliniambia keremkerem hula nyuki, tena angani? Mbona wanashuka kwenye bisi?"

Joram alicheka, akaingia ndani na kamera yake.

Mwaka huo ulikuwa wa themanini na sita. Joram alifanya kazi katika studio moja pale Malindi mjini, akipiga picha za pasipoti na maharusi, kazi aliyoichukia kwa moyo wote. Alitaka ndege. Hoteli moja ya ufuoni ilikuwa inatafuta picha kumi na mbili za kalenda, na yeye aliapa kwamba zitakuwa zake. Ndiyo maana wakahamia nyumba ya Bi Mapenzi, mwisho kabisa wa Kisumu Ndogo, uani kukiwa na vichaka. Miezi minne alimwaga mtama na kuweka maji, akapata kunguru. Alikonda kwa hasira.

Kisha Bi Mapenzi, mwenye nyumba, akamwonea huruma. Alikuwa mama wa makamo, mpole, ambaye Mwikali alimwamkia shikamoo kila asubuhi na kuitikiwa marahaba mwanangu. Alimpa Joram sinia la shaba na maelekezo: bisi, asali, mayai mawili mabichi, na marashi ya mawaridi kuzunguka ukingo. Liwekwe saa saba mchana, mahali pale pale, kila siku. Mtu wa mji angeliona sinia lile angejua ni la nani, naye angerudi nyuma hatua tatu. Lakini Mwikali alilelewa kanisani huko Mwala, Ukambani, na kwake bisi zilikuwa bisi.

Kulibeba ikawa kazi yake. Joram alisema yeye lazima awe amejificha mapema ndani ya kibanda cha makuti, ndege wasije wakashtuka. Mwikali alikubali kwa furaha. Alikuwa na mimba ya miezi sita baada ya kupoteza mbili, na kwa muda mrefu mume wake hakuwa amemhitaji kwa lolote. Sasa walikuwa wakifanya jambo pamoja.

Siku ya saba ndipo alipogundua habari ya mtoto. Mtoto huyu alikuwa mtundu, akirusha mateke tangu alfajiri. Lakini sinia likishawekwa, alinyamaza. Mwikali alijaribu kukumbuka, na akili ikamwambia kwamba ilikuwa hivyo tangu siku ya kwanza. Mwanzoni alinyamaza kwa muda wa kuchemsha chai tu. Siku ya tisa alinyamaza hadi alasiri. Siku ya kumi na moja jua lilizama mama wa watu akiwa amekaa kitandani, viganja viwili juu ya tumbo, akinong'ona jina ambalo hakuwa amemwambia mtu, mpaka akasikia kitu kidogo kikigusa mbavu zake kwa ndani. Alilia kwa shukrani.

"Joram, tuache hili sinia," alisema usiku ule. "Mtoto halipendi."

"Nimebakisha picha tatu," Joram alijibu taratibu. "Tatu tu, mke wangu."

Kesho yake alilibeba tena, maana alikuwa ameombwa na mumewe. Harufu ya marashi ilimtangulia uani, nzito, ya watu wengi waliojipaka na kukaa karibu karibu, ilhali chupa aliyokuwa nayo ilikuwa imekwisha tangu juzi. Upepo ulikufa. Aliinama kuweka sinia, na alipoinua macho aliwaona ndege wamekwisha kufika, wote, bila sauti ya bawa hata moja, na hawakuwa wakitazama bisi wala asali, walikuwa wakitazama tumbo lake, vichwa vimeinamishwa upande mmoja kwa pamoja, na mmoja wao akashuka mchangani akaanza kutembea kumjia, kisha wa pili, kisha safu nzima, wakikanyaga polepole bila kuacha alama, na nyuma ya sinia, pale ambapo hapakuwa na mtu, mchanga ulididimia sehemu mbili za magoti, ukatanuka, ukatulia, kama mtu mzito aliyekuwa amekaa kitako siku zote hizo amesogea kidogo ili aone vizuri. Kwenye kibanda cha makuti kamera ikalia. Ikalia tena. Joram hakumwita, hakutoka.

Mwikali alirudi kinyumenyume hadi mlangoni. Tumbo lilikuwa baridi.

Asubuhi yake Mwikali alikwenda Kilifi kwa Menza, mganga ambaye watu wa shamba la mkonge, alikofanya kazi Phineas, kaka yake Mwikali, walimsifu sana. Mchana Menza alikuwa fundi wa baiskeli, na alimsikiliza akiwa anaziba pancha, mikono imejaa grisi. Alipofika kwenye mayai na marashi, Menza aliweka gurudumu chini.

"Dada, hivyo ni vya kulisha jini. Huyo mgeni hali bisi. Anakula uhai wa aliye mdogo kuliko wote nyumbani."

"Mfukuze," Mwikali alisema kwa sauti ndogo.

"Huyu hafukuzwi, maana hakuvamia. Amekaribishwa. Jini hushika neno alilopewa, haliongezi wala halipunguzi. Kaulize alikabidhiwa kwa neno gani, na nani alilitamka. Hapo ndipo utapata pa kutokea."

Mwikali alirudi Malindi amejaa hasira dhidi ya Bi Mapenzi. Njia nzima alikuwa akimtukana moyoni. Alimkuta barazani akichambua mchele, na siku hiyo hakumwamkia.

"Nilikuita mama," alisema. "Umenipa jini lako."

Bi Mapenzi hakukana.

"Ni la bibi yangu. Limekula wanangu watatu, Mwikali, na sasa sina tena wa kulipa. Nilitaka nife peke yangu, nisiwe nalo. Lakini sikumficha mumeo. Nilimwambia yote."

"Yote yapi?"

"Kwamba ndege watakuja, wa kila rangi. Kwamba mkono uwekao sinia ndio ufuatwao. Kwamba humpenda aliye mdogo. Nikamwambia, baba, weka mwenyewe, mkeo ana mzigo. Akasema mmekwisha kukubaliana." Alimtazama Mwikali kwa muda, kisha akashusha macho. "Kumbe hamkukubaliana."

Mwikali alishika nguzo ya baraza. Alikuwa amekuja na ghadhabu ya kumwangukia mtu, na mtu mwenyewe sasa alikuwa mwingine. Alijisikia mjinga. Aliona siku zote kumi na mbili, yeye akivuka uani na sinia kwa uangalifu wa mtu apendwaye, na lile jicho la kioo likimtazama kutoka kwenye makuti.

"Alitamka neno gani?" aliuliza hatimaye.

"Alisimama pale uani, akasema: atakayekulisha ni mke wangu."

"Hakunitaja jina?"

"Hakukutaja."

Jioni ile alimjaribu Joram. Wengine mngesema hakukuwa na haja, lakini mtu uliyelala naye miaka mitano humwachi bila kumpa mlango mmoja wa mwisho. Alimwambia mgongo unamuuma, ndiyo maana sinia halikuwekwa leo. Kesho aweke yeye sinia, mara moja tu.

Joram alikuwa akipanga picha zake mezani. Zilikuwa nzuri kupita kiasi, rangi zinakurukia. Mkono wake ulisimama hewani.

"Mimi tena?" alisema. "Hapana. Si unajua lazima niwe kibandani."

"Mara moja, Joram. Mtoto amenyamaza tangu jana."

"Utapata mwingine," alisema, kwa upole kabisa, akimshika bega. "Wewe bado kijana."

Usiku huo Mwikali alilala kwa Bi Mapenzi.

Kwao Ukambani, mke akiachana na mume, upande wa mke hupeleka mbuzi. Mbuzi huyo akishapokewa, hata kwa kufunguliwa kamba tu, mwanamke si mke tena, hata mbele ya wazee. Phineas aliitwa, akafika siku ya pili kwa niaba ya baba yao, akamfunga mbuzi kwenye nguzo ya lango, saa saba kasoro. Mwikali alisimama nje ya lango akiwa na kifurushi kimoja. Tumbo lilikuwa limenyamaza siku ya tatu.

"Mbuzi wako huyu hapa," alimwita Joram aliyekuwa ndani. "Kuanzia leo mimi si mke wako. Mimi ni Mwikali, na huyu aliye tumboni ni wangu."

Joram alitoka na kamera shingoni. Alimtazama mbuzi, akamtazama shemeji yake, kisha akageuka kutazama jua lilipofika. Mwikali alingoja. Pamoja na yote, alingoja, na hilo ndilo alilokuja kujilaumu baadaye. Alidhani atasikia walau jina lake.

"Sasa sinia ataliweka nani?" Joram aliuliza, na mkono wake, bila yeye kufikiri, ukafungua kamba ya mbuzi.

Phineas alimshika dada yake kiwiko wakaondoka. Hawakuwa wamefika kwenye kona wakati ndani ya Mwikali kitu kilipojinyoosha, kikageuka, kikapiga teke la nguvu hata akasimama na kushika mdomo. Kupitia ua wa michongoma aliona uani kote. Ndege walikuwa wameshuka, safu kwa safu, kuanzia kwenye kichaka hadi kizingitini. Hawakutazama tena upande wa njia; nyumbani alikuwa amebaki mmoja tu. Joram alikuwa ameingia ndani na kujifungia, na alisikika akisema kwa sauti ya kusihi kwamba atapata mwingine, atamtafuta mwingine, apewe wiki moja tu, huku mlango ukigongwa polepole kutoka ndani, si kwa mkono wake.